Kiraka cha nyama kinavyolindwa baada ya upasuaji

Mtu akiumia kwa ajali ya pikipiki hadi mfupa wa muundi ukabaki wazi, mara nyingi kumpandikizia ngozi peke yake hakutoshi. Ngozi nyembamba haishiki juu ya mfupa mtupu. Hapo tunachukua kipande cha nyama na ngozi, ndicho tunachokiita kiraka, tuseme cha pajani, pamoja na mishipa yake ya damu, tunakihamishia kwenye kidonda na kuiunganisha mishipa hiyo na ya mguuni kwa msaada wa darubini. Uzi wa kuishonea ni mwembamba kuliko unywele, na mishipa ina upana wa milimita 1 hadi 3 tu. Damu ikiganda humo, kiraka kizima kinakufa.

Siku 3 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Ndugu wanaouguza hushangaa kuona muuguzi akija kila saa, usiku kucha. Anakibonyeza kiraka kwa kidole, anaachia, anahesabu. Damu ikirudi ndani ya sekunde 2 au 3, mambo ni mazuri. Ikichelewa, na kiraka kimepoa na kunywea, huenda ateri inayoleta damu imeziba. Lakini ikirudi upesi mno, na kiraka kimevimba na kukaza, basi damu inaingia ila haitoki: vena, yaani mshipa unaoitoa damu, imeziba. Wanaoanza kazi hukosea hapa, wakidhani upesi huo ni dalili njema.

Tatizo ni kwamba vitabu vingi tulivyosomea vinaeleza rangi zinavyobadilika kwenye ngozi nyeupe: weupe damu isipofika, ubuluu isipotoka. Kwenye ngozi nyeusi, weupe au ubuluu huo haujitokezi wazi, hasa chini ya taa hafifu ya wodi. Kwa hiyo mkono unaopapasa joto na uvimbe una kazi kubwa kwetu kuliko jicho.

Vipo pia vifaa visivyochoma wala kukata. Dopla inasikiliza damu ikipita mshipani. Kingine hubandikwa juu ya ngozi na kupitisha miale ya infraredi ambayo jicho halioni. Himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ikiwa na oksijeni huinyonya miale hiyo tofauti na ile iliyoishiwa oksijeni, na kifaa hukokotoa kiasi cha oksijeni kilichomo ndani ya nyama. Mwanasayansi Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977, huko Marekani, kwamba miale hii inaweza kusoma oksijeni ndani ya mwili ulio hai.

Nasisitiza jambo moja. Weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kile kipimo cha kubana kidoleni, tulichokizoea wakati wa korona, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Ndiyo maana namba moja peke yake hainitulizi. Nakilinganisha kiraka na kilivyokuwa saa iliyopita, na ngozi nzima iliyo jirani. Namba ikiporomoka ghafla, tunarudi chumba cha upasuaji usiku huohuo, kwa sababu nyama isiyopata damu haivumilii saa nyingi.

Nanyi mnaouguza, msimvutie mgonjwa sigara karibu, kwani nikotini hubana mishipa. Mguu usining'inizwe hadi daktari aruhusu. Mkiona kiraka kimevimba kuliko jioni, au mgonjwa akilalamika kuwa bendeji inambana, mwiteni muuguzi hata ikiwa saa 9 za usiku.