Mzee akiacha kwenda barazani, mwulizeni kwa nini

Mchezaji bao mzoefu hahesabu kwa sauti. Anatazama mashimo 32 na kete 64, anapima aingilie kichwa (shimo la mwishoni) cha kulia au cha kushoto, kete ya mwisho itaangukia wapi, na ikifika kwenye nyumba yake (shimo lake kuu) ailaze, yaani aishie hapo, au aisafirishe, yaani aendelee kuzigawa kete zake. Mkono bado haujagusa kitu, na watazamaji wanamtania kwamba keshaliwa.

Bao hufikirisha hivyo; ndiyo maana familia zinapotuuliza kliniki kuhusu dawa ya kuzuia usahaulifu, hatudharau bao, karata wala dhumna. Utafiti wa Bronx, New York, uliochapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia wazee 469 wa zaidi ya miaka 75. Waliozoea kusoma, michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipata dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na kufikiri, kwa uchache kuliko wenzao.

Hata hivyo, tusiharakishe kulifanya bao kuwa chanjo. Dimenshia huanza kuutafuna ubongo miaka mingi kabla haijajulikana, na mtu huanza kujitenga mapema. Watumishi wa serikali wa Uingereza waliofuatiliwa kwa takriban miaka 18 walionyesha hilo: wingi wa shughuli zao walipokuwa na miaka hamsini na kitu haukuonekana kuwakinga, ila waliozipunguza kadiri miaka ilivyosonga ndio waliougua zaidi. Kwangu mimi, hilo lina faida kubwa nyumbani kuliko orodha yoyote ya michezo.

Basi babu aliyekuwa hakosi barazani baada ya alasiri akianza kusema "leo sina hamu" wiki baada ya wiki, msiseme tu ni uzee. Anzeni na masikio. Asiyesikia utani huona anachekwa, akabaki ndani. Upotevu wa usikivu umo katika mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia yaliyotajwa na tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, kutoona vizuri na upweke. Huenda ana mtoto wa jicho na hazioni kete vizuri. Huenda ni magoti. Lakini akisahau sheria za mchezo aliocheza tangu ujana, au akipotea njia ya kurudi nyumbani, mleteni hospitali bila kuchelewa.

Kwa bibi dalili hujificha zaidi, maana wengi wao baraza si lao. Tazameni ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka: aliyesuka mkeka wa nakshi maisha yote akianza kufumua safu ileile mara kwa mara, ulizeni.

Mkija, bebeni dawa zake zote, hata piritoni za mafua na vidonge vya usingizi vya dukani. Baadhi yake humvuruga mzee kumbukumbu, na hilo mara nyingi hurekebishika kwa kumbadilishia dawa tu.