Viashiria vya ugonjwa wa Alzheimer katika maji ya uti wa mgongo

Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachopimika mwilini ambacho kipimo chake hufichua ugonjwa uliopo, kama sukari ya damu inavyofichua kisukari. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, unaowapokonya wazee kumbukumbu na baadaye uwezo wa kujihudumia, viashiria hivyo hutafutwa katika maji ya uti wa mgongo, kwa sababu maji hayo huuzunguka ubongo na kubeba sehemu ya yale yanayotoka ndani yake.

Protini zinazopimwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni beta-amiloidi 42, ambayo huwachanganya wengi kwa kuwa kwa mgonjwa hupungua badala ya kuongezeka: inapogandamana na kufanya mabaka baina ya seli za ubongo, hunaswa humo humo, na kinachofika kwenye maji huwa kidogo. Kwa vile watu hutofautiana kwa wingi wa amiloidi wanayotengeneza, maabara huilinganisha na beta-amiloidi 40, aina nyingine ya protini hiyo isiyobadilika sana, na uwiano huo hutegemewa zaidi kuliko kipimo kimoja pekee. Ya pili ni tau, protini ya ndani ya seli za neva. Hii huongezeka, hasa ile iliyoshikamana na fosfati.

Thamani kubwa ya viashiria hivi ni kutangulia dalili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia familia chache zinazorithishana ugonjwa huu kwa jeni moja, ulikadiria kwamba beta-amiloidi 42 huanza kushuka kwenye maji hayo miaka 25 hivi kabla ya umri ambao dalili zilitarajiwa. Hata hivyo, kutabiri si kuhukumu. Mtu aliyekwisha kuanza kusahau, akiwa na amiloidi ya chini na tau ya juu, yumo katika hatari kubwa ya kuendelea hadi kupoteza uwezo wa akili. Lakini asiye na dalili yoyote anaweza kuwa na amiloidi isiyo ya kawaida na akafikia mwisho wa maisha yake akili ikiwa timamu. Ndiyo maana si sahihi kumpima mzee mwenye afya kwa sababu tu familia ina wasiwasi.

Kuhusu sindano ya mgongoni ya kuyatoa maji hayo, hofu ya kupooza imewafanya wengi wakatae hata pale inapohitajika sana. Inafaa waelezwe kwa upole kwamba huchomwa kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali unapoishia ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na kwamba kero inayotokea mara nyingi ni maumivu ya kichwa ya siku chache.

Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha uwiano wa amiloidi katika maji hayo, na mwaka 2025 ikaruhusu kipimo cha damu kwa watu wenye dalili, ambacho kinaweza kuwaepusha baadhi yao na sindano ya mgongo.