Mmea usio na udongo nao hushikwa na kiu

Mwezi uliopita mteja aliniletea tilandisia yake ndani ya mfuko wa karatasi. Majani yalikuwa yamejikunja kwa ndani, ncha zimekauka na kuwa rangi ya kahawia. Alipoinunua aliambiwa kwamba mmea huu unaishi kwa hewa tu, basi akauweka kwenye rafu chini ya kiyoyozi na kuuacha miezi miwili bila tone la maji. Niliulaza ndani ya beseni la maji ya mvua usiku kucha. Kulipokucha, majani ya katikati yalikuwa yameanza kukunjuka.

Tilandisia ni ndugu wa nanasi. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, ambako hukaa juu ya miti, miamba na hata nyaya za umeme. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika tu. Maji hunywewa na majani. Dondosha tone moja kwenye jani la kijivu, utaona pale lilipoangukia panageuka kijani papo hapo. Jani limefunikwa na magamba madogo sana: yakikauka husimama na kurudisha mwanga wa jua, yakilowa hulala, yakafyonza maji na kuacha ukijani uonekane. Kila jani likibaki kijivu muda mrefu huku limejikunja, mmea unakuomba maji.

Mimi huzamisha yangu mara moja kwa wiki, dakika 20 hadi 30, asubuhi. Asubuhi kwa sababu mmea huu hufungua matundu yake ya kupumulia usiku. Ukilala umelowa, hewa haipiti vizuri. Hapa Dar es Salaam tahadhari kubwa ni maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi huunguza ncha na kubaki juu ya magamba. Kinga maji ya mvua, weka kwenye ndoo yenye mfuniko.

Lakini ninazoletewa zikiwa zimekufa, nyingi zimeoza. Ukiutoa kwenye beseni, ukung'ute, uugeuze kichwa chini, uuache penye upepo au mbele ya feni mpaka ukauke kabisa ndani ya saa nne. Aina ya tilandisia iitwayo Tillandsia bulbosa, yenye tumbo lililo wazi ndani, huhifadhi maji usiyoyaona, kwa hiyo ichuruze kwa subira. Shina likiwa jeusi na laini, na majani ya katikati yakitoka ukiyagusa tu, hakuna dawa. Wakati wa masika napunguza kuzamisha, maana hewa yenyewe imejaa unyevu.

Kuhusu kuipamba, nilijifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo nilifunga mimea sita kwenye gogo kwa waya wa shaba kwa kuwa unapendeza. Yote ilikufa. Shaba ni sumu kwa jamii hii ya mimea. Sasa natumia mshipi wa kuvulia samaki. Kifuu cha nazi kinafaa sana, mradi ukitoboe chini maji yasituame. Gogo lililookotwa ufukweni liloweke kwanza siku kadhaa kwenye maji yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha, chumvi itoke. Chupa iliyofungwa usiitumie hata kama picha zake zinavutia. Humo mmea haukauki. Mahali pazuri ni karibu na dirisha la mashariki, penye mwanga mwingi bila jua kali la mchana.

Aina nyingine, Tillandsia ionantha, ikikaribia kuchanua, majani ya katikati huwa mekundu, kisha hutoka maua ya zambarau. Mmea mama hauchanui tena, bali huzaa vichipukizi ubavuni. Usivitenganishe kabla havijafika walau theluthi moja ya ukubwa wa mama. Mimi kwa kawaida naviacha vikue pamoja mpaka viwe fungu zima.

Ule mmea wa mfuko wa karatasi bado ninao kibarazani. Jumatatu niliugeuza ili ukauke, nikaona kichipukizi kimoja chini ya jani lililokauka, ukubwa wa punje ya mahindi.