Filamu za Majanga na Sayansi Mbovu: Dhana Potofu na Ukweli

Wapenzi wa filamu za majanga hulaumiwa kwamba wanafurahia upuuzi, na wanasayansi nao hulaumiwa kwamba wanawaharibia wenzao raha. Lawama zote mbili zimesimama juu ya dhana ambazo ni rahisi kuzitamka na vigumu kuzitetea. Baya zaidi ni kwamba zinatufanya tusake kasoro za filamu hizi mahali pasipo na madhara yoyote, huku tukiipita bila kuiona ile kasoro inayodhuru kweli.

Dhana: Sayansi ikiwa mbovu, filamu haiwezi kufurahisha

Dhana hii huvunjwa na watazamaji wenyewe, wakiwemo wajuzi wa jiolojia na fizikia wanaozitazama filamu hizi kwa hamu na kucheka pale wengine wanapotoa machozi. Filamu iitwayo 2012, iliyotoka mwaka 2009, inadai kwamba nyutrino kutoka kwenye jua zimebadilika tabia na kuanza kukipasha moto kiini cha dunia. Ukweli ni kwamba nyutrino ni chembe ambazo karibu hazigusani na kitu chochote. Makumi ya mabilioni yake hupenya kila sentimita ya mraba ya mwili wako kila sekunde, usiku na mchana, bila kuacha hata alama. Hata hivyo dai hilo halimkeri mtazamaji, kwa sababu limetolewa mwanzoni, na yote yanayofuata yanalitegemea. Msimulizi huruhusiwa uongo mmoja mkubwa wa kufungulia hadithi, kama mtambaji wa ngano anavyoruhusiwa sungura anayezungumza.

Asichoruhusiwa ni kubadilisha kanuni katikati ya safari. Katika filamu hiyohiyo ndege inapaa huku ardhi ikiporomoka nyuma ya magurudumu yake, na tukio la namna hiyo linarudiwa. Mara ya kwanza mtazamaji hukaa roho mkononi, lakini likirudiwa anatambua kwamba mauti katika ulimwengu huu yana upendeleo, na hofu yote humtoka. Kasoro hiyo si ya fizikia hata kidogo. Ni kasoro ya utunzi, nayo ingeiua filamu hata kama kila hesabu iliyomo ingekuwa sahihi.

Dhana: Sayansi sahihi huchosha

Wanaoshikilia dhana hii hudhani kwamba ukweli ni mzigo unaopunguza mwendo wa hadithi. Filamu ya Contagion ya mwaka 2011, iliyotengenezwa kwa ushauri wa wataalamu wa virusi, inaonyesha kinyume chake. Kitu cha kutisha katika dakika zake za mwanzo ni bakuli la karanga kwenye baa ya uwanja wa ndege: mgonjwa anachota, anampa mhudumu kadi ya malipo, na kamera inabaki kwenye vitu vilivyoguswa. Baadaye mtaalamu anasimama mbele ya ubao na kueleza kila mgonjwa huambukiza watu wangapi kwa wastani, maelezo ambayo darasani yangewapeleka wengi usingizini, lakini hapa kila tarakimu anayoiandika inasikika kama hukumu. Si ajabu kwamba filamu hiyo ilitafutwa upya na watazamaji wengi mwanzoni mwa mwaka 2020.

Bølgen ya Norway, ya mwaka 2015, imejengwa juu ya mlima Åkneset ambao upo na una ufa unaofuatiliwa kwa vipimo. Mlima huo ukiporomoka ndani ya maji, wimbi litakifikia kijiji cha Geiranger baada ya takriban dakika 10, na msiba wa aina hiyo uliwahi kuua watu 40 huko Tafjord mwaka 1934. Dakika hizo 10 zinampa mtunzi kile ambacho sayansi ya kubuni humnyima, yaani saa isiyoweza kusogezwa mbele wala nyuma kwa faida ya mhusika mkuu.

Dhana: Filamu hukuza tu yale yaliyopo

Mara nyingi hazikuzi, bali hubuni jambo la aina nyingine kabisa. Filamu ya San Andreas, ya mwaka 2015, inaleta tetemeko lenye ukubwa wa 9.6 katika ufa maarufu wa California. Ukubwa wa tetemeko hutegemea eneo la mwamba linaloteleza, na ufa wa San Andreas, ingawa ni mrefu, hauendi chini sana; wataalamu wanakadiria kwamba kikomo chake ni karibu 8.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila hatua moja kamili katika kipimo hicho ni takriban mara 32 ya nishati, kwa hiyo tetemeko la kwenye filamu lina nishati karibu mara 90 ya lile kubwa kuliko yote ambalo ufa huo unaweza kuleta. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa popote duniani, la Chile mwaka 1960, lilikuwa la 9.5.

Korongo linalopasuka na kumeza magari katika filamu hiyo nalo ni kinyume cha kanuni yenyewe. Tetemeko hutokea kwa sababu pande mbili za mwamba zimebanana na kusuguana. Kama kungekuwa na pengo katikati, kusingekuwa na msuguano, na bila msuguano hakuna tetemeko. Tsunami ya kwenye filamu hiyo pia haina chanzo, maana pande za ufa huo hupishana kwa ubavu, tena kwa sehemu kubwa zikiwa nchi kavu, badala ya kuiinua sakafu ya bahari.

The Day After Tomorrow ya mwaka 2004 inashusha hewa ya baridi kali kutoka juu kiasi cha kugandisha watu papo hapo. Hewa inayoshuka hubanwa na kupata joto, takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita ikiwa ni kavu, kwa hiyo tukio hilo limepinduliwa kichwa chini miguu juu. Armageddon ya mwaka 1998 inatuletea asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani linalozunguka jua, yenye ukubwa wa jimbo la Texas, ilhali hata Ceres, kubwa kuliko zote zinazojulikana katika ukanda wa asteroidi, ina kipenyo cha takriban kilomita 940. Lile jiwe lililohitimisha enzi ya dinosaria miaka milioni 66 iliyopita lilikuwa la kilomita 10 hivi, na lilitosha kabisa. Kuhusu kuliepuka jiwe la namna hiyo, jaribio la kweli halikuhitaji wachimba visima wala bomu la nyuklia kama kwenye filamu hiyo: Septemba 2022 chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi asteroidi ndogo, Dimorphos, na kuufupisha mzunguko wake kwa zaidi ya nusu saa. Kusukuma mapema, kidogo, kwa subira. Kazi ambayo ni ngumu kuitengenezea tangazo la sinema.

Wakati mwingine ukweli unatisha kwa kitu kidogo ambacho filamu hukiruka. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la takriban mita 20 lilipasuka angani juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga mkali, wakaenda madirishani kutazama kulikoni. Wimbi la mgandamizo wa hewa likachelewa zaidi ya dakika moja, kisha likafika na kuvunja vioo. Takriban watu 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vigae vya vioo, na hakuna aliyekufa.

Dhana: Kila mtu anajua ni maigizo, hivyo hakuna madhara

Filamu ya 2012 ilipotoka, hofu ya mwisho wa dunia iliyokuwa imeshaenea ilizidi kushika kasi, na NASA ililazimika kuandaa maelezo kwa umma kwamba hakuna sayari iliyofichwa inayokuja kuigonga dunia. Mfano wenye uzito zaidi ni wa vimbunga vya Marekani vya aina ya tornado, yaani nguzo za upepo unaozunguka kwa kasi. Picha za watu walionusurika kwa kujibana chini ya daraja la barabara kuu zilirudiwa mno kwenye televisheni tangu mwaka 1991, na filamu ya Twister ya mwaka 1996 nayo iliwaonyesha mashujaa wakijificha chini ya daraja. Mei 1999, huko Oklahoma, watu walifia chini ya madaraja walikokimbilia. Hapo ndipo mahali pabaya, kwa sababu upepo hubanwa, huongezeka kasi na kurusha vifusi.

Ni haki kusema pia kwamba athari si za upande mmoja. Utafiti wa Anthony Leiserowitz, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba Wamarekani walioitazama The Day After Tomorrow walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu mabadiliko ya tabianchi kuliko wasioitazama, pamoja na fizikia yake yote iliyopotoka.

Dhana: Janga likitokea, watu hugeuka wanyama

Hii ndiyo sayansi mbovu kuliko zote, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeilalamikia. Mtazamaji atakayepinga tsunami isiyo na chanzo atakubali bila swali umati unaokanyagana, majirani wanaonyang'anyana maji, na serikali inayoficha habari ili watu wasitaharuki. Mwanasosholojia Enrico Quarantelli, mmoja wa waanzilishi wa Kituo cha Utafiti wa Majanga kilichoanza mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alilichunguza suala hili kwa miongo kadhaa, na matokeo yalijirudia: taharuki ya umati ni nadra. Tatizo la kawaida ni kinyume chake, yaani watu huchelewa kuondoka, huulizana kama tahadhari ni ya kweli, hutafuta jamaa zao kwanza. Waokoaji wa mwanzo si helikopta. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, wengi wa waliotolewa vifusini wakiwa hai waliokolewa na jamaa na majirani.

Dhana hii hudhuru kwa sababu wanaotoa amri nao huiamini. Wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005 zilienea taarifa za mauaji mengi ndani ya Superdome, uwanja wa michezo wa New Orleans, Marekani, walikokimbilia watu, ambazo baadaye zilionekana kuwa zimetiwa chumvi mno. Katika hali hiyo meya wa mji huo aliamuru polisi waache kazi ya uokoaji wakakabiliane na waporaji, siku ambazo bado kulikuwa na watu waliozingirwa na maji. Ufa wa California hausomi hati za filamu, na hautafanya lolote zaidi kwa kuwa mtunzi amependa iwe hivyo. Ofisa anayeamini kwamba wananchi watageuka kundi la fisi anaweza kuficha onyo, kuchelewesha chakula, au kupeleka bunduki mahali panapohitaji mitumbwi.

Dhana: Picha za maafa hazina la kufundisha

Mwaka 1991, mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipoanza kutikisika, wanasayansi walipata shida kuwaeleza maofisa na wakazi maana ya mawingu ya gesi na majivu ya moto yanayoteremka mlimani kwa kasi kuliko gari. Kilichosaidia ni video ya picha halisi iliyoandaliwa na wataalamu wa volkano wa Ufaransa, Katia na Maurice Krafft, ambayo ilionyeshwa huku na huko. Wao wenyewe waliuawa na wingu kama hilo katika mlima Unzen, Japani, tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Pinatubo ulipolipuka kwa nguvu zake zote tarehe 15 Juni, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameshahamishwa. Wengi wa waliokufa katika mlipuko huo hawakufikiwa na moto. Waliangukiwa na mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyolowa mvua ya tufani iliyopita siku hiyohiyo, na mtunzi anayetafuta hofu ambayo haijachakaa angeweza kuanzia hapo.