Bakteria wa Tumboni Wanapokosa Uwiano

Katika maduka ya dawa ya mitaani hapa Unguja si jambo geni kumsikia mama akisema, "Mwanangu, nipe Flagyl, tumbo linanisokota." Hupewa vidonge, akameza viwili vitatu, tumbo likitulia vilivyobaki huwekwa kabatini. Hakuna aliyemuuliza anaharisha tangu lini, wala kama ameona damu. Jambo hili linanikera, maana dawa hiyo hiyo inaweza kuwa chanzo cha maumivu ya mwezi ujao.

Mwilini mwa mtu mzima wanakadiriwa kuwamo bakteria trilioni 38 hivi, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Wana kazi huko. Wanavunjavunja nyuzinyuzi za kunde na mboga ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, wanatengeneza vitamini K, na kwa kuwa wameshajaa, vijidudu vya maradhi hukosa pa kukaa. Aina zao zikipungua, au aina moja ikazizidi nguvu nyingine, ndipo inaposemwa uwiano umevurugika. Hilo si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali tu, nayo ina sababu nyingi.

Antibiotiki ni mojawapo kubwa. Flagyl, kwa mfano, huua hasa bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na hao ndio wengi wa wakaazi wa utumbo mpana. Ikihitajika inaokoa maisha, sikatai. Lakini kuharisha kwingi kunaletwa na virusi, na virusi hawaguswi na antibiotiki hata chembe.

Utumbo mwembamba una habari yake. Una urefu wa kama mita 6, ndiko chakula kinakofyonzwa, na sehemu yake ya juu inatakiwa iwe na bakteria wachache sana. Asidi ya tumbo inawaua wengi, nyongo inawadhoofisha. Isitoshe, tukiwa hatujala, kila baada ya saa moja na nusu hivi misuli ya utumbo hujiminya kwa mpigo na kusukuma mabaki kwenda chini, kama mtu anavyofagia ua. Ule mngurumo unaousikia alasiri ya Ramadhani kabla ya kufuturu mara nyingi ndiyo kazi hiyo.

Kufagia huko kukizorota, bakteria huzaana mahali pasipo pao. Humpata mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye mishipa yake ya fahamu imeathirika, aliyepasuliwa akabaki na makovu ndani, au mwenye vifuko vilivyochomoza kwenye ukuta wa utumbo. Chakula huanza kuchachuka kabla hakijafyonzwa: gesi, tumbo kujaa, kuharisha kusikokwisha. Baadhi ya bakteria hao hula vitamini B12, na mtu akaishia kupungukiwa damu na kupata ganzi miguuni. Tiba yake ni antibiotiki pia, ila iliyochaguliwa na daktari, na chanzo chenyewe kishughulikiwe, la sivyo hali hurudi.

Wengi wakifika hapa huogopa saratani. Hali hizi si saratani. Hata anayevimba tumbo kila akinywa maziwa, mara nyingi amepungukiwa tu na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa watu wazima wa kwetu. Mtindi humkalia vizuri zaidi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Na Pemba tusisahau minyoo ya safura, ambao huishi humo humo kwenye utumbo mwembamba wakinyonya damu. Ndiyo sababu dawa za minyoo hugaiwa skulini.

Zipo dalili zisizosubiri: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa isiyoshuka, au kuharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, ambayo ni dalili ya kipindupindu. Hapo ni spitali moja kwa moja.

Mtoto anayeharisha maji bila damu apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti kila akiharisha, na zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekatika siku ya tatu. Kama ananyonya, asiachishwe ziwa.