Uzio Usioleta Moto Mlangoni

Wengi hudhani moto wa nyika huifikia nyumba kwa ndimi zake. Mara nyingi cheche ndizo hutangulia: vipande vya magome na vijiti vinavyowaka, vikipeperushwa na upepo mbali mbele ya moto wenyewe. Hutua palepale upepo unapolundika majani makavu, na aghalabu hapo ni chini ya uzio. Majani yakishika, ubao wa chini unashika, kisha moto unatambaa ubao kwa ubao hadi ukutani.

Ndiyo maana tukija kukagua nyumba hatuanzii getini, bali pale uzio unapogusana na nyumba. Kipande hicho, walau mita 1.5, kiwe cha tofali, mawe, zege au chuma. Kama mfuko hauruhusu kubadilisha uzio wote, badilisha hapo kwanza. Na kama geti la mbao limeshikizwa kwenye ukuta wa nyumba, nalo liondoke.

Chuma ni chaguo zuri. Alumini nayo haishiki moto kirahisi, ila huyeyuka ikifika nyuzi 660 hivi za Selsiasi. Wavu wa chuma unafaa mradi usiachie mimea iutambae wala usichomeke vipande vya plastiki ili wapita njia wasichungulie. Uzio wa plastiki hulegea na kuanguka kwa joto. Mbao za kisasa zilizochanganywa na plastiki zinavutia, lakini zikishika huwaka kwa nguvu. Rangi za kuzuia moto hupungua nguvu kwa jua na mvua. Mimi nisingelaza familia yangu kwa kuzitegemea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uzio wa mbao kujengwa sambamba na wa jirani, katikati pakibaki upenyo mwembamba. Majaribio ya NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, yalionyesha kuwa uzio pacha wa namna hii huwaka vikali kuliko uzio mmoja. Joto linanaswa katikati, kila upande ukiuchochea mwingine, na takataka za humo hazifikiwi na fagio. Zungumza na jirani mjenge mmoja, wa pamoja.

Chini ya uzio wowote ule, hata wa mawe, usitandaze maganda ya mbao kupamba bustani. Weka kokoto, na ufagie majani kabla ya msimu wa kiangazi na upepo.