Baji imekatala ku mulango ya kampuni: mbele ya kusaini fin kontra, soma hii

Kila siku ya kazi moja asubui, hata mbele tufungue biro yetu ya enspeksio ya kazi, tunakutaka bantu beshakaa pa ngazi na mafarde mukononi, na habari iko ileile: nilifika ku kampuni, nikapitisha baji, baji ikakatala, mulinzi akaniambia enda uone ajansi yako, kufika ku ajansi (ile kampuni yenye inaajiri bantu na kubatuma kutumika ku kampuni zingine) banasema kontra imeisha, saini hapa fin kontra, ni kusema karatasi ya kumaliza kazi. Tangu serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi mwezi wa 2 mwaka 2025, kisha kota (kipimo ya kobalti yenye kila kampuni inaweza kutosha) ikaingia tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka ule, tunaona hizi dosie sana hapa Lubumbashi, na zingine zinatoka Likasi na Kolwezi. Pale kampuni inapunguza kazi, ba kwanza kuguswa njo bale benye banatumika kupitia ajansi.

Mimi natumika ku enspeksio ya kazi. Siandike juu ya dosie ya muntu fulani ao kampuni fulani, kila dosie iko na yake na tunasikilizaka pande zote mbili mbele ya kusema kitu. Lakini kuko mambo yenye bantu banayarudilia kila siku na si ya kweli, na inabakosesha franga yao, kwa ile naomba musome mupaka mwisho.

Ya kwanza: "mimi niko wa ajansi, sina haki". Hapana. Mbele ya sheria patroni wako ni mwenye jina yake iko ku kontra na ku buleteni ya mushahara, basi kama ni ajansi, ajansi njo patroni, na vyote sheria inalomba patroni, ajansi nayo inalombwa. Hakuna sheria ingine ya bakazi ba ajansi yenye iko kidogo kupita ya bale bengine. Ni ileile Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, yenye ilibadilishwa fasi zingine na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Kama hata huyu chef wa shantie mwenye anakutuma kila asubui hajue jina yako, wewe uko mukazi kamili.

Ya pili njo inaletaka matata kupita zote: hii mambo ya kontra ya miezi tatu, miezi tatu, miezi sita, kisha tena miezi tatu. Sheria inasema CDD (kontra yenye iko na mwisho) haiwezi kupita miaka mbili, inaweza kurudiliwa mara moja tu, na mukazi hawezi kufanya CDD kupita mbili na patroni yuleyule ao na kampuni ileile, kutosha kazi za musimu na zingine chache zenye zimetajwa. Ukipita pale na unaendelea kutumika, kontra yako inageuka CDI (kontra ya bila mwisho) yenyewe, palepale, bila patroni aandike kitu na bila wewe kulomba. Sasa muntu anakuja na kontra saba, nane, zote za ajansi moja, na anasema "enspekteri, kontra yangu imeisha tarehe 30". Papa, hii kontra haikuisha tarehe 30, ilikuwa CDI tangu zamani! Lakini kwa sababu anaamini ni CDD, anasaini fin kontra, anabeba makuta ya siku zake za mwezi, anaenda ku nyumba. Hii inaniumiza kabisa juu muntu anaacha ku meza makuta ya miaka yake.

Na kama hakuna karatasi hata moja? Vilevile. Kontra inafaa ikuwe ya kuandikwa, na kama haikuandikwa, sheria inaihesabu kuwa CDI, isipokuwa kama ni kibarua ya siku kwa siku. Mukazi anaweza kuhakikisha kazi yake kwa njia yote: baji, SMS ya chef, mesaji ya mobile money yenye inaonyesha mushahara inaingia kila mwezi, bashahidi, picha na kombinezo ya kampuni.

Tusemee ba journalier, ni kusema ba kibarua ba siku kwa siku, kidogo, juu banadanganywa sana. Kama umeshatumika siku 22 ndani ya miezi mbili, na banakuchukua tena mbele ile miezi mbili iishe, ile kuchukuliwa inahesabiwa ni kontra ya bila mwisho. Siku 22. Haiko 22 za kufuatana, ni 22 ndani ya miezi mbili.

Kulikuwa kijana moja alikuja kwetu, alikuwa anapakua mifuko ku depo kupitia ajansi, kupita miaka tatu. Hakukuwa na kontra, hakukuwa na buleteni, alikuwa na kaye ya masomo ya mutoto yake, ile ya mistari, yenye kifuniko kimepasuka. Ndani, kila ukurasa mwezi moja, alama ya bik ya bleu kwa muchana na bik ya nyekundu kwa usiku, na ku pembeni jina ya chef d'equipe wa ile siku. Alikuwa na haya ya kuionyesha, anaificha chini ya farde. Tukaikamata, tukahesabu pamoja: miezi ya kwanza mbili peke yake, siku 31. Tukaita ajansi, ajansi ikaleta makaratasi yake ya pwantaji, tukaweka kando ya kaye, na kutosha siku moja tu vyote vilifanana. Pale mazungumuzo ilibadilika. Patroni aliyesema "ni journalier tu" akaanza kuuliza preavi (siku za kujulisha mukazi mbele ya kumuachisha) ni ngapi.

Preavi inahesabiwa hivi, na naomba muandike fasi: patroni akikuachisha kazi ya CDI bila kosa kubwa yako, anakupa siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima wenye ulitumika bila kukatika. Ule kijana na miaka yake tatu: 14 na 21, ni siku 35. Mwenye miaka tano ana 49. Siku za kazi, si siku za kalenda, na zinaanza kuhesabiwa kesho yake ya siku ulipewa barua. Kama patroni hataki ubakie kutumika zile siku, anazilipa. Kama wewe njo unaacha kazi, preavi yako ni nusu ya ile. Barua inafaa ikuwe ya kuandikwa na iseme sababu, na sababu ikuwe ya kweli: mwenendo yako, uwezo yako ku kazi, ao lazima ya kampuni. Baji kufungwa si barua. Vocal ya WhatsApp si barua. Mulinzi si patroni.

Kama banasema ulifanya kosa kubwa, banatakiwa kukujulisha ndani ya siku 15 za kazi tangu balijua ile kosa. Zikipita, hawawezi tena kuamka asubui moja bakafufua kosa ya mwaka jana. Na kama tribinali itaona ulifukuzwa bila sababu yenye kusimama, inaweza kulomba urudishwe ku kazi, ao ulipwe malipo yenye haiwezi kupita mishahara ya miezi 36. Haiwezi kupita, nimesema. Bengine banakuja na tarakimu 36 mu kichwa kama vile ni lazima, hapana, ile ni mwisho ya juu, muzuzi njo anapima kufuata miaka yako, umri, na hasara yako.

Kontra ikiisha, franga yote yenye bako nayo deni, mushahara, konje yenye hukukamata, preavi, inafaa ilipwe ndani ya siku mbili za kazi. Sertifika ya kazi vilevile, na inaandikwa tu ulifanya kazi gani, tangu lini mupaka lini, na namba yako ya CNSS (kesa ya serikali ya pansheni na misaada ya bakazi). Patroni hana ruhusa ya kuandika pale "alikuwa muvivu" ao "tulimufukuza". Dekonti finali (hesabu ya mwisho ya franga yako) soma mustari kwa mustari, lomba ukamate kopi mbele ya kusaini, na kama hukubaliane nayo andika kwa mukono yako kando ya sinyatire "sous réserve" (ni kusema unachunga haki ya kulalamika) na tarehe. Anayekuambia saini haraka juu kesa inafungwa saa nane, muambie utarudi kesho.

Sasa njia ya kulalamika, na hapa siko na furaha na bale banatuambia "nilienda moja kwa moja ku tribinali, balinirudisha". Balikurudisha juu sheria inasema mambo ya mukazi moja na patroni yake haipokelewe ku Tribinali ya Kazi kama haikupita kwanza ku mapatano mbele ya enspekteri wa kazi. Unaandika barua kwetu, hata kwa mukono, unasema jina ya patroni, tangu lini, nini kimetokea, unalomba nini. Sisi tunaita pande zote mbili. Mukisikilizana, tunaandika PV (karatasi ya ushahidi) ya mapatano na munasaini wote, na ile PV inaweza kupewa nguvu kama hukumu, hata patroni akibadilisha roho. Mukisikilizana nusu, tunaandika ile nusu. Mukikosa kabisa, tunaandika PV ya kukosa mapatano, na ile karatasi njo mulango yako ya kuingilia ku tribinali. Haihitaji avoka kwa kuja kwetu. Haihitaji "kumujua muntu" ndani.

Lakini kuko saa inatembea. Kudai mushahara ni mwaka moja tu tangu siku ulipaswa kulipwa, mambo mengine mingi ya kontra ni miaka tatu. Kuna papa moja wa Katuba, alikatwa kazi, hakumuambia bibi yake. Kila asubui saa kumi na mbili alikuwa anavala bote zake za shantie na jile ya kung'aa, anapita na bisani yake, anaenda kukaa ku soko mupaka mangaribi. Miezi na miezi. Wakati bibi alijua na akamuleta kwetu kwa mukono, mishahara mbili zenye zilibakia deni zilikuwa zimeshapita mwaka. Mwambieni bibi zenu, mwambieni bwana zenu, siku ileile. Haya ya wiki moja inaharibu dosie nzima, na pia nyumba haiwezi kupunguza matumizi kama haijue kama franga imekatika.

Na hakuna anayelipa shomaji (franga ya mwenye amekosa kazi) hapa kwetu. CNSS haina ile tawi, iko na pansheni, hatari za kazi, na malipo ya familia. Bantu banakuja na hasira, "balikuwa bananikata 5% kila mwezi, leo banipe". Ile 5% yako na 13% ya patroni inaenda ku yale matawi tatu. Chenye unaweza kufanya ni kwenda ku CNSS na namba yako uangalie kama ajansi ilikuwa inatuma kweli, juu miezi yenye haikutumwa utailia ku pansheni. Fanya ile wakati ungali na mabuleteni.

Ba mama na ba papa ba Gécamines, ile kampuni ya serikali ya migodi, banakumbuka mwaka 2003, bantu kupita 10 000 baliondoka kwa ile "depar volonter" (kuacha kazi kwa kupenda), na franga mukononi siku moja. Bengine balinunua gari, bengine tilimbari ya bunga bila kujua bishara, na nyuma ya miezi kidogo nyumba ikakuwa bule. Dekonti yako ikiingia, lipa nyumba kwanza, nunua bunga ya miezi, lipa minervali, na likelemba yako usiikimbie juu wale bantu njo watakukopesha.

Kutafuta tena: jiandikishe ku ONEM (ofisi ya serikali ya kazi) kama mutafuta kazi, ni bila franga. INPP (shule ya serikali ya ufundi) ya hapa inafundisha ufundi kama kuunganisha chuma, umeme, mekaniki. Ajansi ya kweli iko na agreman (ruhusa) ya wizara ya kazi na RCCM (namba ya kuandikishwa kama biashara), lomba kuona, biro yake inajulikana. Mwenye anakulomba "franga ya dosie", "franga ya visite medikale" ao ya kombinezo kwa mobile money mbele hata haujaona kontra, ule anakuibia. Tunaona bantu banauza hata congelateur juu ya ile.

Ukikuja kwetu leta kontra zote, mabuleteni, baji hata kama imefungwa, mesaji za mushahara (usifute telefone!), na majina ya bale mulitumika nao. Kama hauna kitu hata moja, leta kaye.